Jicho Kwenye Kitazamio, Macho Kwenye Skrini: Mwongozo wa DSLR kwa Mpiga Picha wa Majengo

Siku ya harusi pale Digo Road, mtaani Majengo, Nairobi, utawaona wapiga picha wa namna mbili. Mmoja kamera ameibana usoni, jicho ndani ya kitazamio, kile kitundu cha juu kilichozungushiwa mpira mweusi. Mwingine ameinyoosha mbele ya kifua kwa mikono miwili, anatazama skrini ya nyuma vile tunavyotazama simu. Mara nyingi kamera zao ni zilezile: Canon 1300D, 700D, pengine 80D kwa aliyepata kazi nzuri, au Nikon ndogo iliyopita mikononi mwa wengine kabla ya kumfikia. Canon na Nikon walitoa DSLR zao mpya za mwisho mwaka 2020, wakahamia kamera zisizo na kioo ndani, na vijana wengi wa mtaani ndio kwanza wanazipata hizi za zamani. Kwa hiyo swali la wapi uweke jicho bado ni swali la leo.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa kazi za mtaa kama Majengo, jicho likae kwenye kitazamio. Skrini ina kazi zake maalumu, na baadhi ya kazi hizo kitazamio hakiziwezi kabisa. Mtu azijue, aende akazifanye, halafu arudi kwenye kitazamio.

Kinachotokea ndani ya kamera

Mwanga ukiingia kwenye lenzi ya DSLR hukutana na kioo kidogo kilichoinama nyuzi 45. Kioo hicho huurusha juu, ukapinduliwa ndani ya prizimu, kisha ukatokea kwenye kitazamio. Katika kamera za bei nafuu mahali pa prizimu kuna vioo vilivyounganishwa, ndiyo sababu kitazamio cha 1300D kina giza kidogo na kinaonekana chembamba ukilinganisha na cha 80D. Safari hiyo ya mwanga haihitaji umeme. Zima kamera, chungulia, bado utaona mtaa wote.

Sehemu ya mwanga hupenya katikati ya kioo, ikapokewa na kioo kingine kidogo zaidi nyuma yake na kutupwa chini, kwenye sakafu ya kamera. Huko kuna sensa ya fokasi peke yake. Inatambua mara moja lenzi imekosea kuelekea upande gani na kwa kiasi gani, na lenzi inakwenda pale pale bila kutafutatafuta. Ukibonyeza kitufe cha kupiga, vioo vyote vinainuka, shata inafunguka, picha inaingia, vioo vinashuka. Ule weusi unaopita kwenye kitazamio kwa kufumba na kufumbua ndio wakati picha inapopigwa.

Sasa washa skrini. Kwenye Canon ni kitufe chenye mchoro wa kamera na nukta nyekundu, kwenye Nikon kimeandikwa Lv. Utasikia kioo kikiinuka, na hakishuki. Kitazamio kinakuwa giza. Mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye sensa kubwa ya picha, na ile sensa ya fokasi ya chini haipati kitu. Kamera inabaki kutafuta fokasi kwa kutazama picha yenyewe: inasukuma lenzi mbele, inairudisha nyuma, inalinganisha, inajaribu tena. Kwa 1300D ndani ya chumba chenye balbu moja, kazi hiyo inaweza kumaliza sekunde nzima au zaidi, na mara nyingine ikashindwa. Canon walilipunguza tatizo hili mwaka 2013 kwa 70D, ambayo kila nukta ya sensa yake imegawanywa mara mbili ili iweze kupima fokasi yenyewe. 80D na 200D nazo zina ufundi huo. Mwenye mojawapo ya hizo tatu anaweza kukaa kwenye skrini muda mrefu zaidi kuliko mwenye 600D, 700D, 1300D au Nikon ya familia ya D3000. Kabla ya kufuata ushauri wa mtu yeyote kuhusu skrini, muulize anatumia kamera gani.

Kiweke kitazamio sawa na jicho lako

Wengi hukimbilia skrini kwa sababu wakichungulia wanaona ukungu, na hawajui kwamba ukungu huo una dawa. Kando ya mpira wa kitazamio, upande wa kulia, kuna kigurudumu kidogo chenye alama za + na −. Elekeza kamera kwenye ukuta mtupu, bonyeza kitufe nusu ili taa za ndani ziwake, halafu tazama tarakimu zinazopita chini ya picha: kasi ya shata, f, ISO. Usiutazame ukuta. Zungusha kigurudumu taratibu mpaka tarakimu ziwe kali, kila moja na kingo zake. Basi. Kigurudumu hicho hakiigusi picha hata kidogo, kinalirekebisha jicho lako tu.

Kirudie kila unapotoa kamera begini, maana husuguana na kitambaa kikageuka chenyewe, na kamera iliyoazimwa hurudi ikiwa imewekwa kwa jicho la aliyeazima. Mwenye miwani avae miwani yake ikiwa ni ya nguvu, kwa kuwa kigurudumu cha 1300D kinaishia −2.5 upande mmoja na +0.5 upande wa pili, hakiwezi kufidia zaidi ya hapo. Atakachopoteza ni pembe za picha, kwani jicho linakaa mbali kidogo; azoee kuzungusha macho pembe zote nne kabla ya kubonyeza.

Tumia jicho la kulia kama unaweza. Pua inapita kando ya skrini badala ya kuipaka mafuta, na jicho la kushoto linabaki nje ya kamera. Liache wazi. Mwanzoni kichwa kinauma, baada ya siku kadhaa ubongo unajua lipi la kusikiliza. Katika vichochoro vya Majengo jicho hilo la pili ndilo linaloona bodaboda inayokuja, mkokoteni wa maji, na mtoto anayekimbia kuingia kwenye picha kabla hajaingia.

Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, kiganja kikitazama juu. Viwiko vishikane na mbavu. Mguu mmoja mbele. Paji la uso likiegemea kamera unakuwa na sehemu tatu zinazoishikilia, na hiyo ndiyo faida ambayo mikono iliyonyooshwa haiwezi kukupa. Kwa lenzi ya kawaida ya 18–55 ikiwa imevutwa hadi 55, kwenye Canon ya sensa ndogo zidisha 55 kwa 1.6 upate 88, namba ambayo kasi ya shata haipaswi kushuka chini yake. Kwa hiyo usishuke chini ya 1/100 ukiwa umesimama vizuri hivyo. Ukinyoosha mikono kwa ajili ya skrini, panda hadi 1/200. Kama mwanga hautoshi na ni lazima utumie skrini, vaa mkanda shingoni na uisukume kamera mbele mpaka mkanda ukazike kabisa. Mtikisiko unapungua sana.

Kazi za kitazamio: kila kinachosogea

Shuka hadi kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Kelele za nyundo utazisikia kabla hujaona bati hata moja. Mafundi wanakunja masanduku ya shule, majiko, sufuria, toroli. Salimia kwanza. “Shikamoo mzee, naomba ruhusa nikupige picha ukiwa kazini,” na usubiri jibu ukiwa umeishusha kamera. Akikataa, shukuru na uendelee mbele. Akikubali, mwache arudi kwenye kazi yake mpaka akusahau.

Chagua nukta ya fokasi ya katikati. Kwenye 1300D kuna nukta tisa, na ya katikati ndiyo yenye uwezo wa kushika mistari ya wima na ya mlalo, kwa hiyo ndiyo inayoaminika penye moshi na kivuli. Iweke usoni kwa fundi, bonyeza nusu, ikilia usiachie. Sasa sikiliza mdundo. Fundi mzuri hagongi ovyo, ana mapigo yake, na baada ya mapigo matano sita utajua la saba linashuka lini. Bonyeza nyundo ikiwa bado juu. Ukiiona ikigonga bati ndani ya kitazamio, ujue kioo kilikuwa chini wakati huo na kamera haikuona ulichokiona wewe. Picha ya kishindo ni ile ambayo kitazamio kilikuwa cheusi. Ukitaka nyundo igande, 1/500. Ukitaka mkono uchore njia yake hewani huku uso ukiwa mkali, shuka hadi 1/60 na ubane viwiko.

Jaribu hilo kwa skrini ya 1300D. Unachokiona kwenye skrini kimeshachelewa kidogo kufika, fokasi inatafuta, na kamera yenyewe ina kazi ya ziada ya kufunga na kufungua shata kabla ya kupiga. Nyundo imegonga mara mbili. Ni hivyo hivyo kwa vijana wanaocheza mpira uwanja wa Kamukunji, wacheza dufu, na biharusi anaposhuka garini huku shangazi zake wakipiga vigelegele. Hakuna atakayerudia kwa ajili yako.

Lakini kitazamio nacho kina ufichaji wake. Cha 1300D au D3500 kinaonyesha asilimia 95 ya upana na asilimia 95 ya urefu. Ukizidisha, unakuta karibu sehemu moja ya kumi ya picha hukuiona ulipopiga. Majengo ni mahali pa nyaya za umeme, kamba za nguo, madirisha ya mabati na mitungi ya maji, na hivyo ndivyo vinavyojipenyeza kwenye kingo. Hata 70D inaonyesha asilimia 98 tu. 80D ndiyo inayoonyesha yote. Dawa ni kujua kwamba kamera itachukua zaidi ya unachokiona, ukasogea hatua moja mbele kuliko unavyodhani inatosha, kisha ukakata kidogo baadaye.

Kitazamio pia hakikuonyeshi mwanga utakavyotoka. Kinakuonyesha mtaa ulivyo. Mohamed Amin, aliyezaliwa Eastleigh, jirani na Majengo, mwaka 1943, na ambaye filamu yake ya njaa ya Ethiopia mwaka 1984 iliuamsha ulimwengu, alijifunza picha enzi ambazo kamera haikuwa na skrini yoyote. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1935 aliyeuawa akipiga picha za vita vya Biafra mwaka 1968, naye pia. Matokeo waliyaona filamu ikishasafishwa. Walilazimika kuusoma mwanga kwa macho kabla ya kugusa kitufe: wapi ukuta mweupe unarudisha mwanga usoni, wapi kivuli cha paa kinaishia. Uwezo huo haupotei na hautegemei kamera, na anayeishi kwenye skrini tangu siku ya kwanza huchelewa sana kuupata.

Pima kwa skrini, piga kwa kitazamio

Hapa ndipo penye thamani kubwa ya mwongozo huu, nami nitapakalia.

Majengo ilianza miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipotenga Pumwani iwe mtaa wa Waafrika wa Nairobi, na wakazi wakajijengea nyumba za Kiswahili: kuta za udongo, paa la mabati, baraza mbele, vyumba pande mbili za korido ndefu, na ua nyuma. Nyingi zimeporomoka au zimepisha maghorofa, lakini zilizobaki bado ndimo watu wanamopambia mabibi harusi na kufanyia hitima. Kwa mpiga picha nyumba hizi ni mtihani wa mwanga. Mlango wa mbele unawaka jua, ua wa nyuma unawaka jua, na katikati kuna giza. Mwambie bibi mzee wa nyumba asimame ndani ya korido, mlango ukiwa nyuma yake. Kipimo cha kamera kinaona mlango unaong'aa, kinaamua mwanga umezidi, kinapunguza. Uso wa bibi unatoka mweusi tii.

Fanya hivi. Weka kamera kwenye M, ISO 800, f/4. Washa skrini. Zungusha kasi ya shata huku ukitazama ngozi ya uso wake, si mlango. Kwenye Canon nyingi skrini inang'aa na kufifia kadiri unavyozungusha, kwa hiyo unauona mwanga wa picha kabla ya picha. Mlango utakuwa mweupe mtupu. Uache uwe mweupe, hakuna aliyekuja kuutazama. Uso ukikaa sawa, zima skrini, rudi kwenye kitazamio, na usiguse tena zile tarakimu. Sasa zungumza naye. Muulize nyumba ilijengwa na nani. Kila akicheka, kila akigeuka kumjibu mjukuu aliye uani, piga. Mwanga ulishapatana nao, fokasi inashika papo hapo, na wewe huna haja ya kutazama kitu kingine isipokuwa uso.

Si kila kamera inafuata mwanga namna hiyo kwenye skrini. Jaribu yako: ukiwa kwenye M na skrini imewaka, peleka shata hadi 1/4000. Skrini isipoingia giza, kamera yako haionyeshi mwanga wa kweli, na itakubidi upige picha moja ya majaribio uitazame. Jambo la pili, flashi. Ukishaiweka flashi, skrini haiwezi kukuonyesha mwanga ambao bado haujawaka. Wapiga picha wa harusi wanaosema skrini imewadanganya mara nyingi walikuwa na flashi juu ya kamera.

Na skrini hudanganya kwa njia nyingine, ya jicho. Ndani ya chumba chenye giza inaonekana inang'aa, unaridhika, kesho kwenye kompyuta picha ni nyeusi. Nje saa saba mchana, na Nairobi iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, jua likiwa utosini skrini inaonekana kama imezimwa. Unaongeza mwanga, na kanzu nyeupe zote zinapoteza mikunjo. Usiuamini mng'ao wake. Washa grafu ya mwanga, ile inayochora milima kutoka kushoto palipo giza hadi kulia palipo weupe. Mlima ukigonga ukuta wa kulia, kanzu zimeungua. Grafu haijali jua wala giza.

Kazi ambazo ni za skrini kweli

Hina ndiyo ya kwanza ninayoitaja. Mikono ya bibi harusi, maua ya hina kuanzia ncha za vidole hadi kiwiko, pengine ndiyo picha atakayoitazama mara nyingi kuliko zote. Ameketi, hakuna haraka. Laza mikono juu ya mto, weka kamera kwenye stendi, washa skrini, kisha bonyeza kitufe cha kukuza hadi mara 5, halafu 10. Zima fokasi ya kamera, zungusha lenzi kwa vidole. Utaiona mistari ya hina ikitoka kwenye ukungu mmoja mmoja. Hapo kitazamio kimeshindwa kabisa.

Inayofuata ni lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo kila mtu anainunua mara baada ya ile ya 18–55. Ukiichungulia kwenye kitazamio hakikuonyeshi ukungu wote wa f/1.8, kioo cha kutazamia cha kamera nyingi hakiwezi kuonyesha fokasi nyembamba kuliko ya kama f/2.8. Kwa hiyo unaona jicho na sikio vyote vikali, na kwenye picha ni kope tu zilizo kali. Isitoshe, fokasi ya kitazamio inapimwa na ile sensa ya sakafuni, na ikiwa kamera iliwahi kuanguka au lenzi haipatani nayo vizuri, fokasi itatua nyuma ya jicho kila mara. Panga chupa tano za soda kwa mshazari juu ya meza, elekeza fokasi kwenye ya tatu, piga kwa f/1.8 kwa kitazamio, kisha piga kwa skrini. Kama kwenye picha ya kitazamio ni chupa ya nne iliyo kali, umeupata ugonjwa. 70D na 80D zina mahali pa kuurekebisha kwenye menyu. 700D na 1300D hazina, na kwa picha za uso kwa f/1.8 itakubidi utumie skrini au upande hadi f/4.

Watoto ni suala la kimo. 700D, 70D, 80D na 200D zina skrini inayofunguka na kugeuka, unaweza kuishusha kamera hadi magotini ukatazama kutoka juu. Mwenye 1300D apige goti chini, hakuna njia nyingine. Ila kabla ya kimo kuna ruhusa ya mzazi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kuishusha kamera kiunoni na kupiga kimyakimya kwa skrini ili watu wasijue ni tabia ninayoipinga waziwazi. Kamera iliyo jichoni inatangaza kwamba unapiga picha, na anayetaka kukataa anapata nafasi ya kukataa.

Video haina mjadala. Kioo lazima kiwe juu, kwa hiyo ni skrini tu. Canon hizi hujizima zikifika dakika 29 na sekunde 59, basi anzisha upya kabla ya nikaha kuanza, si katikati yake.

Jua nalo liko hapa. Majengo iko mashariki mwa jiji, na jioni jua linazama nyuma ya majengo marefu ya katikati ya Nairobi, picha ambayo kila mmoja anaitaka. Usichungulie jua kwenye kitazamio, hasa kwa lenzi ndefu. Lenzi inalikusanya jua na kulimwaga ndani ya jicho, na jicho likiungua haliponi. Tumia skrini, panga haraka, piga, geuza kamera pembeni. Ukiiacha ikilitazama jua, sensa nayo inapata moto.

Kwa maulidi usiku, jirani na Msikiti wa Riyadha, rudi kwenye kitazamio hata kama watu wametulia. Mwanga wa skrini unawapiga usoni walioketi nyuma yako wakati wa dua. Punguza pia ule muda ambao picha hujionyesha yenyewe kila unapopiga; kwenye menyu unaweza kuuzima kabisa.

Kisha betri. Kwa vipimo vya Canon wenyewe, betri ya 1300D inapiga kama picha 500 kwa kitazamio na 180 kwa skrini. 80D ni 960 dhidi ya 300. Harusi ya Majengo huanza asubuhi kwa kupamba na kuishia usiku, na mwenye betri moja anayependa skrini atakuwa anatafuta soketi wakati bwana harusi anaingia.

Kamera ikiwa kwenye stendi na wewe umesimama pembeni, kwa mfano picha ya familia ya kujiwekea muda, na hutumii skrini, mwanga wa jua unaingia kwa nyuma kupitia kitazamio ambacho hakuna jicho lililokiziba. Unafika kwenye kipimo, na picha inatoka na giza bila sababu ya kueleweka. Kwenye mkanda wa Canon kuna kipande kidogo cha mpira chenye umbo la mstatili ambacho wengi hudhani ni pambo. Ni kifuniko cha kitazamio. Vua mpira wa jicho, kiteleze hapo.

Ukienda kununua iliyotumika

Pambano la kitazamio na skrini linaanza dukani, kwa hiyo usilipe kabla ya kuvipima vyote viwili. Beba memori kadi yako na betri iliyojaa. Chungulia kwanza kamera ikiwa imezimwa. Vinukta vyeusi unavyoviona kwenye kitazamio ni vumbi la kioo au la kioo cha kutazamia, haviingii kwenye picha, visikutie hofu. Yanayotisha ni yale usiyoyaona hapo: toka hadi mlangoni, weka f/16, piga anga tupu, ikuze picha hiyo kwenye skrini. Madoa ya kijivu yanayobaki palepale katika kila picha yako kwenye sensa. Vumbi husafishika, mkwaruzo hausafishiki, na ndio wenye kingo kali.

Zungusha kigurudumu cha jicho uone kama kinashika au kimelegea. Tazama ukingo wa mpira: uliopasuka unabadilishwa kwa bei ndogo, lakini kama fremu yake ya plastiki imevunjika, kamera iliwahi kuanguka kwa mgongo. Piga picha kumi mfululizo kwa kitazamio huku ukisikiliza kioo. Mlio uwe mmoja, usiwe na mkwaruzo. Rudia lile jaribio la chupa kwa chochote kilicho kwenye kaunta. Halafu washa skrini, geuza pande zote kama ni ile inayogeuka, maana waya wake hukatikia kwenye bawaba na skrini ikawa inazimika katika pembe fulani tu. Iache ikiwaka dakika tano ukiwa unazungumza bei. Ikijizima yenyewe ilhali betri imejaa na menyu haijaamrishwa kuizima, mrudishie muuzaji na umwombe akuletee nyingine.